Sarafu yenye kosa: nimwamini nani?

SWALI: Assalamu alaykum, mhariri. Mgeni wa Kitaliano alimwachia baba sarafu ya lira 1000 ya mwaka 1997. Video za mtandaoni zasema ramani yake ina kosa na ni mali ya maelfu ya yuro. Nitajuaje ukweli?
Msomaji, Shella, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam. Kosa lipo: Ujerumani imechorwa vipande viwili, ilhali iliungana 1990. Ila hilo ni kosa la mchoro. Kila sarafu ya toleo lile inalo, na zilitoka mamilioni kabla ya ramani kurekebishwa mwaka uleule. Iliyochakaa mifukoni haizidi sana bei ya chai na mahamri.

Wakusanyaji hulipia zaidi kosa la kiwandani, linaloipata sarafu moja na kuziacha nyingine: picha iliyokwenda upande, ukingo uliokatika, kiini cha sarafu ya metali mbili kisichokaa katikati ya pete yake. Video nyingi huchanganya mambo haya mawili, pengine makusudi.

Vipimo vitafute Numista, orodha ya bure mtandaoni. Lira 1000 ni gramu 8.8 na milimita 27. Mpelekee sonara akupimie, mizani yake husoma hata sehemu ndogo za gramu. Bei usiichukue kwenye tangazo, kwani muuzaji huandika atakacho. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja zilizokwisha kuuzwa, utazame mauzo kadhaa, si moja lililoruka juu. Na anayedai “ada ya ukaguzi” kwanza ndipo anunue, huyo ni tapeli.

Usiisugue kwa ndimu wala majivu. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei hata ikiwa na kosa la kweli.

SWALI: Nina senti 10 ya Afrika Mashariki ya mkoloni, haina tundu. Ni kosa la kiwandani?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Huenda, lakini kwanza shuku kwamba tundu lilizibwa kwa risasi ya kulehemu. Tundu hutobolewa kabla ya sarafu kugongwa chapa, hivyo isiyotobolewa huwa nzito kuliko mwenzake wa aina na mwaka uleule, zipime pamoja. Uzito peke yake hautoshi, maana tundu lililozibwa nalo huongeza. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uzunguke katikati, pande zote mbili. Ukiona mstari wa kiungo au rangi iliyobadilika, ni kazi ya fundi wa mtaani. Ikiwa safi, piga picha pande zote pamoja na ukingo, uandike uzito, kisha uwaonyeshe wakusanyaji wawili wasiotaka kuinunua.