Washukuru kwa Majina Wanaoibeba Huduma Pamoja Nawe

Mtumishi mwenzangu, kama kuna wapendwa wanaokuombea, wanaokuchangia nauli, wanaokulaza kwao ukiwa safarini, una deni la shukrani. Deni hilo halilipwi kwa lile tangazo tulilolizoea la "nawashukuru wote, Mungu awabariki". Nasema hivi nikiwa mwinjilisti ambaye hajawahi kufanya mkutano hata mmoja kwa nguvu zake mwenyewe. Nyuma ya kila mahubiri yangu kuna watu, na watu hao wana majina.

Mtume Paulo alilijua hilo vizuri. Fungua Warumi 16, ile sura ambayo wengi tunairuka kwa kuwa inaonekana ni salamu tu. Anawasalimu zaidi ya watu 20 kwa majina, na wengi wao anawataja pamoja na kazi waliyoifanya. Fibi amewasaidia watu wengi, naye Paulo akiwamo. Priska na Akila walikuwa tayari kukatwa shingo kwa ajili yake. Mariamu amejitaabisha. Na mama yake Rufo anamwita mama yake pia. Hebu fikiria mama huyo akiisikia barua ile ikisomwa mbele ya kanisa! Sijui kama kuna bahasha au cheti kinachoweza kuufikia moyo wa mtu kwa namna hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mshukuru mtu kwa kitu alichokifanya, ukitaje. Katika timu yetu kuna kaka anayeshughulikia vyombo vya sauti. Mkutano ukiisha, watu wakishaombewa na kutawanyika, yeye ndiye anayebaki uwanjani akiviringisha nyaya, akifuta vumbi kwenye spika, akihesabu vipaza sauti kimoja kimoja kabla ya kufunga sanduku. Kumwambia "asante kwa huduma yako" ni sawa, lakini ni neno ambalo ningeweza kumwambia mtu yeyote. Siku niliyomwambia, "Kaka, yule mzee aliyekuja mbele alisema alilisikia Neno akiwa amekaa mbali kabisa nyuma, kwa sababu sauti ilikuwa safi," alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimrudie maneno ya yule mzee. Alikuwa amelisikia tunda la kazi yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Anayekutegemeza ni mshirika, na mshirika ana haki ya kujua shamba limezaa nini. Wafilipi walipomtuma Epafrodito na msaada kwa Paulo akiwa kifungoni, Paulo hakuishia kusema amepokea. Aliwakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia mahitaji, tena zaidi ya mara moja. Akawaambia kwamba hakukitamani kipawa chenyewe, bali mazao yanayozidi katika hesabu yao. Mapema katika waraka huohuo wa Wafilipi alishawaeleza kwamba hata vifungo vyake vimesaidia Injili kuendelea, hadi askari wa mfalme wamejua kwa nini amefungwa. Hiyo ndiyo taarifa ya huduma. Waandikie watu wako namna hiyo, nao watajua sadaka yao imefika wapi.

Na tafadhali, barua ya shukrani iwe ya shukrani. Usiifunge kwa orodha ya mahitaji ya mkutano ujao. Ukiwa na hitaji, liseme wazi siku nyingine. Watu wa Mungu hawachukii kuombwa. Kinachowachosha ni kuona kila "asante" ina mkono ulionyooshwa nyuma yake.

Jambo jingine linalonigusa sana ni wale wasio na fedha. Kuna mama mmoja mjane anayeniombea, ambaye ana daftari la maombi. Ndani yake ameandika sehemu ninazokwenda kuhubiri, na pembeni majina ya watu niliowahi kumtajia. Muda mrefu baada ya mkutano mmoja aliniuliza, "Mwanangu, yule kijana uliyesema anapambana na pombe, anaendeleaje?" Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye kazi nyingine, lakini mama alikuwa bado anamwombea kila asubuhi. Mtu kama huyo umweke wapi katika orodha ya wafadhili? Mimi namweka juu kabisa, na namtembelea kwanza.

Historia ya umisheni imejaa watu wa aina hii. Mwaka 1792, mjini Kettering, Uingereza, wachungaji wachache wa Kibaptisti waliunda chama cha kupeleka Injili, na ahadi zao za kwanza zilifika pauni 13 na shilingi kadhaa tu. Mwaka uliofuata William Carey akasafiri kwenda India, wala hakurudi kwao hadi alipofariki mwaka 1834. Jina lake tunalijua. Lakini Andrew Fuller, katibu wa chama kile, alibaki nyumbani akizunguka makanisani kukusanya michango na kuandika barua, mpaka alipokufa mwaka 1815. Aliifananisha kazi yao na mtu anayeshuka mgodini huku wenzake wakiishika kamba juu. Kazi ya Carey isingesimama bila mikono ile.

Si kila mtu anapenda kutajwa hadharani, na hilo liheshimu. Wapo wanaolishika sana neno la Bwana kuhusu kutoa sadaka kwa siri. Hao washukuru faraghani, kwa simu au kwa kuwatembelea, na watajwe mbele za Mungu. Nami najihadhari nisimpe mwenye bahasha nene kiti cha mbele huku aliyetoa nguvu zake akisimama mlangoni. Yakobo amelikemea jambo hilo waziwazi.

Halafu kuna waliokuwa wakikutegemeza, wakaacha. Hawa wengi wetu tunawasahau, au tunawanunia kimyakimya. Paulo aliwaambia Wafilipi kwamba siku zote walikuwa wakimfikiri, ila hawakupata nafasi. Hakuwadai maelezo. Basi mpigie yule mpendwa ambaye jina lake halionekani tena kwenye orodha ya wachangiaji. Muulize hali ya nyumbani, muulize kazi inaendaje, mwombee papo hapo kwenye simu, umkumbushe kwa jina lile jambo alilolifanya wakati ule. Habari ya michango usiiguse kabisa.