Maswali ya Wasomaji: Seva Ikibaki na Watu Wanne

SWALI: Seva yetu ya Minecraft, toleo la Java, zamani ilijaa kila usiku. Siku hizi ukiingia unakuta watu wanne, au hakuna mtu kabisa. Msimamizi anasema ataendelea kuilipia hadi mwisho wa mwaka, basi. Tuanze kuokoa nini?

JIBU: Anzeni na watu; ramani itafuata. Wengi hufanya kinyume. Wanahangaika na ngome walizojenga, na seva ikishazimwa ndipo wanagundua kwamba mwenzao wa miaka mingi wanamjua kwa jina la kuchezea tu. Kila mmoja aombwe, kwa hiari yake, njia mbili za kumpata zisizotegemea kampuni moja, kwa mfano barua pepe na namba ya simu. Kando yake andikeni jina lake la kuchezea, la sasa na la zamani, maana majina hayo hubadilishwa sana. Orodha ishikwe na watu watatu, na isibandikwe hadharani.

La pili ni saa. Waliobaki wakiwa 12 na kila mmoja anaingia kwa wakati wake, hawakutani. Mtu anaingia, anakuta kimya, anazurura dakika kumi, anatoka. Nusu saa baadaye anaingia mwingine na kufanya vilevile. Wiki chache zikipita, wote wanaamini gemu limekufa, ilhali hakuna aliyelichoka. Chagueni jioni moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili tu, na siku nyingine msitegemeane. Muda utangazwe kwa UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa. Mkitumia saa ya upande mmoja, Machi itawavuruga: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya Jumapili ya mwisho, na katikati hapo wenzenu wa pande hizo mbili hupishana na ratiba yao ya kawaida kwa saa nzima.

Sasa ramani, yaani dunia mliyoijenga. Msinakili folda yake wakati seva inaandika: faili za .mca, zinazohifadhi vipande vya dunia, zinaweza kunaswa nusunusu, na vipande vya dunia vikatoka vimeharibika. Njia salama ni kuizima seva kwanza. Kama haizimiki, andika save-off kwenye dirisha la amri ili isimamishe kuhifadhi yenyewe, kisha save-all flush ihifadhi yote yaliyopo, subiri ithibitishe, nakili, halafu save-on ianze kuhifadhi tena. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na seva ikizimika ghafla, kazi yote iliyofanywa tangu kunakili inapotea.

Chukueni folda ya world. Kwenye Spigot na Paper, programu za seva zinazokubali nyongeza, world_nether na world_the_end kwa kawaida hukaa nje yake, kwa hiyo nazo zichukuliwe. Ongezeni plugins (nyongeza), server.properties (mipangilio), whitelist.json (orodha ya wanaoruhusiwa) na faili lenyewe la server.jar, yaani programu ya seva. Hili la mwisho watu hulidharau, kisha wanajuta: dunia ikifunguliwa kwa toleo jipya hugeuzwa kuwa ya toleo hilo, na kurudi nyuma hakuna. Wekeni nakala mbili mahali pawili tofauti, na mojawapo ifungueni kwenye kompyuta nyingine kabla msimamizi hajafuta chochote.

Mkiifungua, online-mode iliyomo kwenye server.properties ibaki true. Mkiweka false, seva hutengeneza vitambulisho kutokana na majina badala ya kusoma vya akaunti, na kila mtu ataingia mikono mitupu kama mgeni. Kelele zitakuwa nyingi, lakini vitu havijapotea: vipo kwenye folda ya playerdata, chini ya kitambulisho cha zamani.

Kwa jioni moja ya watu kumi, kompyuta ya nyumbani inayoweza kuipa seva GB 4 za RAM kwa kawaida inatosha. Poti ya kufungua kwenye ruta ni 25565, TCP. Ruta ikiwa imepangwa sawasawa na bado watu hawaingii, tazameni anwani ya WAN, yaani ile ruta iliyopewa na mtoa huduma. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na kufungua poti hakutasaidia. Unganeni kwa ZeroTier au Tailscale, programu zinazounganisha kompyuta zenu katika mtandao wa faragha.

SWALI: Gemu letu linaendeshwa na seva za kampuni, na kampuni imetangaza kuzizima. Tunaweza kufanya nini?

JIBU: Angalieni kama gemu linakubali kuunganishwa kwa kuandika anwani ya IP. GameSpy, huduma iliyowaunganisha wachezaji wa magemu mengi, ilipofungwa tarehe 31 Mei 2014, magemu ya aina hiyo yaliendelea kuchezeka. Kilichopotea ni orodha ya seva. Kama halikubali, orodha ya marafiki iliyomo ndani yake ihamisheni wiki hii, msingoje siku ya mwisho. Gemu la City of Heroes, lililozimwa Novemba 2012, lilirudi kwa leseni rasmi ya kampuni yake, NCSoft, mikononi mwa kikundi cha mashabiki cha Homecoming Januari 2024. Hiyo ni bahati adimu, msiijengee mipango.

SWALI: Mwenzetu amenyamaza miezi kadhaa. Tumtafute?

JIBU: Mtafuteni kwa njia alizowapa mwenyewe. Ujumbe mmoja, kutoka kwa mtu aliyemzoea, usiodai maelezo: “Tupo Jumamosi, 18:00 UTC, hata ukiwa msikilizaji tu.” Kuchimba anwani ya nyumbani au kuwaandikia ndugu zake ambao hawawajui ni kumvunjia heshima, hata kama nia ni njema.

Hofu yenu, kwamba huenda amefariki bila nyinyi kujua, inaeleweka. Mats Steen wa Norwei, mchezaji wa World of Warcraft, alifariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walipotangaza kifo kwenye blogu yake, ndipo salamu za rambirambi kutoka kwa marafiki wa ndani ya gemu zilipowafikia, na wengine wakasafiri hadi mazishini. Kwa hiyo kila mwanakikundi ampe mtu mmoja wa nyumbani kwake jina na barua pepe ya mwenzenu mmoja. Iwe kwenye karatasi, kwa sababu simu hufungwa kwa nywila.