Kifungua mimba: maswali yenu kuhusu mzaliwa wa kwanza

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka saba. Mtumishi mmoja amesema "lango" lake limefungwa, na nisipomkomboa kwa sadaka maalumu hatafanikiwa maishani. Nitoe? – Mama, Kongwa

Usitoe, mama. Hela hiyo mnunulie mtoto sare na madaftari.

Ukombozi wa mzaliwa wa kwanza umo kwenye Biblia, ila haukuletwa na laana. Usiku ule wazaliwa wa kwanza wa Misri walipouawa, Mungu aliwanusuru vifungua mimba wa Israeli, ndiyo maana akasema ni wake (Kutoka 13:2). Baadaye akawatwaa watu wa kabila la Walawi wamtumikie badala yao. Hesabu 3 inaeleza kwa tarakimu: wazaliwa wa kwanza wa kiume walikuwa 22,273 na Walawi 22,000. Wale 273 waliozidi walikombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja, jumla 1,365. Bei ikabaki hiyo, kama gramu 55 za fedha, kuanzia mtoto atimizapo mwezi mmoja (Hesabu 18:16). Tajiri na maskini walilipa sawa, tena mara moja tu. Hakuna andiko linalosema asiyelipiwa atafeli shule au atakosa ndoa.

Ukionyeshwa wale ndege wawili wa Luka 2:24, waliotolewa mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni, ujue hawakuwa bei ya mtoto. Ilikuwa sadaka ya mama kutakaswa baada ya kujifungua, kwa mama asiye na uwezo wa kupata mwanakondoo (Walawi 12:8). Kosa hili linarudiwa sana mimbarani.

Kwa Mkristo, Petro anasema tulikombolewa si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo (1 Petro 1:18-19). Anayekudai tena anadai deni lililokwisha kulipwa. Mpeleke mtoto abatizwe, au awekwe wakfu kama ndiyo desturi ya kanisa lenu, na mwombeeni nyumbani kila siku. Na hilo neno la "lango" asilisikie kamwe. Mtoto wa miaka saba akiambiwa ana mkosi, anaamini, na akikosa hesabu mbili darasani ataona ndiyo ushahidi.

Mimi ni wa kwanza kwa mama, lakini baba alikuwa na mwana aliyemzaa kabla ya kumwoa mama. Baba amefariki bila wosia na shamba la zabibu linagombaniwa. Kibiblia, mzaliwa wa kwanza ni nani? – Kijana, Mpunguzi

Pole kwa msiba, ndugu. Biblia ina hesabu mbili, na watu wengi huzichanganya. Katika ukombozi huangaliwa tumbo la mama: "kila afunguaye tumbo". Hapo kila mama ana kifungua mimba wake, nawe ni mmoja wao. Katika urithi huangaliwa baba, maana mwana huyo ndiye "mwanzo wa nguvu zake" (Kumbukumbu 21:17). Kwa hesabu hii wa kwanza ni kaka yako. Tena sheria ile ilitungwa hasa kumlinda mwana wa mke asiyependwa, ili baba asimpe nafasi yake mtoto wa mke kipenzi.

Fungu maradufu nalo si nusu ya mali. Wana wakiwa wanne, mali inagawanywa mafungu matano, wa kwanza anachukua mawili. Shamba la ekari 10 lingempa ekari 4, na wengine 2 kila mmoja.

Lakini hiyo ilikuwa sheria ya Israeli, na mahakama zetu hazigawi mirathi kwa Kumbukumbu la Torati. Anzeni na cheti cha kifo. Fanyeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe. Familia nyingi huharibikiwa hapa: wanagawana matuta kwanza, msimamizi anatafutwa baadaye, na aliyekwisha kuuza kipande chake hawezi kukirudisha. Kaka yako aitwe kwenye kikao hicho. Ni mtoto wa marehemu kama wewe.

Wakolosai 1:15 inamwita Yesu "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote". Si ina maana naye aliumbwa? – Mwanakwaya, Dodoma mjini

Hapana. Soma mstari wa 16: vitu vyote viliumbwa katika yeye. Aliyeviumba vyote hawezi kuwa kimojawapo. "Mzaliwa wa kwanza" hapo ni cheo. Daudi alikuwa kitinda mimba kati ya wana wanane wa Yese, lakini katika Zaburi 89:27 Mungu anasema atamfanya mzaliwa wake wa kwanza. Reubeni naye alitangulia kuzaliwa kati ya wana wa Yakobo, haki ikaenda kwa wana wa Yusufu (1 Nyakati 5:1). Hoja yako ndiyo aliyoishikilia Ario, padri wa kale aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu, ukaikataa mwaka 325.

Mtamba wangu anakaribia kuzaa. Ndama wa kwanza ni wa kanisa? – Mfugaji, Chamwino

Si lazima. Torati ilidai dume tu, asiye na kilema, ambaye hajafanyishwa kazi (Kumbukumbu 15:19-21). Leo ni limbuko la hiari, kama debe la uwele baada ya mavuno. Ukiahidi, toa huyohuyo. Usimbadilishe kwa aliyekonda. Ongea na mhazini mapema, na ndama asitolewe kabla hajaacha kunyonya, maana kanisa lisilo na zizi litampiga mnada Jumapili ileile.

Ni binti wa kwanza kati ya saba. Wadogo zangu wa kiume wanasema uzaliwa wa kwanza wa kiroho ni wa mwanamume, lakini ada zao nalipa mimi. – Bahi

Waebrania 12:23 inataja kanisa la wazaliwa wa kwanza walioandikwa mbinguni. Waliomo ni waamini wote, wanawake kwa wanaume, hata waliozaliwa wa saba. Kwa hiyo cheo unacho, dada, na wao wanacho.

Mzigo nao ni wa wote: kuwatunza walio wa nyumbani (1 Timotheo 5:8) hakukuandikiwa kifungua mimba peke yake. Waite wanaojitegemea, andikeni kwenye karatasi ada, chakula na matibabu ya wazazi kwa mwezi, kila mmoja aandike kiasi chake na tarehe ya kutuma. Chako kiandike mwisho.