Askofu wa kwenye filamu hana meza

Tumsifu Yesu Kristo mhariri, na wasomaji wenzangu wa dini zote nawasalimu.

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama filamu za televisheni zinazosimulia maisha ya mapapa, maaskofu na mapadre wa Kanisa Katoliki zinatuonyesha watu wenyewe walivyo au la. Jibu langu ni kwamba zinawaonyesha kwenye siku zao kubwa tu, siku ya kuchaguliwa, siku ya kupigwa risasi, siku ya kufa, lakini ile kazi yenyewe ya kuongoza ambayo inafanyika mezani na barabarani miaka nenda rudi hazitaki kabisa kuigusa, na mi naona hapo ndo tatizo lilipo kwa sababu uzuri wa askofu au ubaya wake unapatikana hapohapo mezani, sio kwenye kibaraza anapopunga mkono.

Nimezitazama nyingi kweli. Nimekuwa katibu wa parokia miaka mingi na kila Kwaresima tulikuwa tunawawekea vijana filamu ukumbini kwa projekta, zingine nimeziona nyumbani kwenye king'amuzi, kwa hiyo ninachosema hapa ni kitu nimekifikiria muda mrefu.

Nianze na ninayoipenda kuliko zote, The Scarlet and the Black ya mwaka 1983, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, Gregory Peck ndo anaigiza Monsinyori Hugh O'Flaherty, padre wa Ireland aliyekuwa anafanya kazi Vatikani wakati Wajerumani wameikalia Roma, kuanzia Septemba 1943 hadi Juni 1944. Huyu mtu ni wa kweli kabisa. Alikuwa anawaficha wanajeshi wa Uingereza na Marekani waliotoroka kambi za wafungwa, na Wayahudi pia, anawapangia kwenye nyumba za watu na kwenye konventi na mtandao wake uliokoa maelfu, na Wajerumani walichora mstari mweupe pale kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro kuonyesha mwisho wa Vatikani, ukiuvuka hawana simile na wewe. Aliyekuwa anamuwinda ni Herbert Kappler, mkuu wa polisi wa SS, kikosi cha Hitler, pale Roma, ambaye mikono yake ina damu ya watu 335 waliouawa kwenye mapango ya Ardeatine tarehe 24 Machi 1944. Christopher Plummer ndo anamwigiza Kappler na anamwigiza vizuri mno.

Sasa filamu inakupeleka mbio, padre anajibadilisha mavazi, anapita huku anatokea kule, vijana ukumbini wanashangilia. Halafu vita inaisha, filamu inaisha, yanakuja maandishi kwenye skrini kwamba Kappler alifungwa maisha, kwamba miaka yote ile aliyekuwa anamtembelea gerezani kila mwezi ni O'Flaherty, na kwamba mwaka 1959 Kappler alibatizwa kwa mkono wa padre huyohuyo ambaye yeye Kappler alikuwa anataka kumuua. Basi. Ni maandishi tu, unayasoma kwa sekunde chache taa zinawashwa.

Yaani jamani! Mi kila nikifika hapo huwa nasema filamu yenyewe ndo ingeanzia hapa. Ile ya mavazi na kukimbia alifanya kwa miezi tisa, hii ya gerezani alifanya kwa miaka. Siku ya kwanza alipoingia kwenye chumba cha wageni gerezani aliongea nini na yule mtu? Alimwamkia vipi? Familia za wale 335 zilipopata habari kwamba monsinyori anaenda kumwona Kappler zilimtazamaje akipita barabarani, na yeye usiku alijijibu nini? Na je kuna miezi aliamka hana hamu kabisa ya kwenda lakini akaenda? Hayo ndo maisha ya padre, kurudi mahali usipotaka kurudi, na hakuna hata picha moja.

Na za Mtakatifu Yohane Paulo II nazo ni hivohivo. Alifariki tarehe 2 Aprili 2005 na mwaka huohuo zikatoka zaidi ya moja, stesheni mbili kubwa za Marekani ABC na CBS kila moja na yake, hiyo ya CBS ina Jon Voight, na Waitaliano na Wapolandi wana Karol yao ambayo Piotr Adamczyk amecheza na kwa maoni yangu ndo nzuri kushinda zote maana unaona kijana anayefiwa na baba na kufanya kazi ya sulubu wakati wa vita kabla hajawa mtu wa kuheshimiwa na yeyote. Lakini angalieni zinavyokimbilia risasi aliyopigwa Mei 13, 1981 na ugonjwa na kifo. Kuna kitu kimoja alichofanya akiwa askofu kule Krakow ambacho mi ningekaa kutazama filamu nzima ya hicho tu, Nowa Huta. Serikali ya kikomunisti ilijenga mji mpya wa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma na haikutaka uwe na kanisa, basi kuanzia 1959 akawa anaenda kusali misa ya usiku wa Krismasi pale nje, uwanjani, kwenye baridi ya Poland ya Desemba, na huku anaandika barua, anaomba kibali, anajibiwa hapana, anaandika tena, na kanisa lilikuja kutabarukiwa Mei 1977. Hesabuni wenyewe. Mtu aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja cha kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, atanielewa, na atajua pia kwamba subira ya namna ile ndo ilimwandaa kuwa papa mwaka uliofuata.

Niwaelezeni kidogo askofu anavyokuja kwetu maana najua wengine hamjawahi kuona kwa karibu. Ikifika kipaimara anakuja kwenye barabara ya vumbi, ametoka parokia nyingine jana na kesho ana nyingine. Watoto wamejipanga na wasimamizi wao hadi nje ya mlango, na yeye anawapaka krisma mmoja mmoja kwenye paji la uso, jina la kila mtoto lazima alisikie na alitamke, wengine wananong'ona kwa woga inabidi ainame sikio lifike mdomoni kwa mtoto, na kofia nzito iko kichwani na jua ndo hilo. Akimaliza tunamletea beseni, jagi la maji, taulo na sahani yenye vipande vya ndimu na mkate mkavu, kwa sababu yale mafuta hayatoki kwenye kidole gumba kwa maji matupu. Anasugua kidole na ndimu, anasugua na mkate, anamwagiwa maji, na wakati anasugua nilikuwa nasimama karibu na kitabu cha orodha namuona jinsi anavyofumba macho kidogo tu kama mtu anayeiba usingizi. Halafu bado. Baada ya misa kuna chakula, na baada ya chakula ndo kuna kikao na halmashauri walei, na kwenye kikao ndo yanatolewa yote, paroko hapatani na kwaya, hela ya bati haijulikani iko wapi, shule imedaiwa, kigango fulani wanataka kuwa parokia na hawana nyumba ya padre, na Baba Askofu anatakiwa aamue, na akiamua kuna watu watanuna mpaka kipaimara kingine. Sijawahi kuona filamu yoyote yenye kikao kama hicho.

Kuna moja tu niliyoona iko karibu, na inauma kuisema lakini nitaisema. Ni Our Fathers, ya mwaka 2005 nayo ya televisheni, inahusu kashfa ya mapadre waliodhalilisha watoto kule Boston, Marekani. Plummer yuleyule wa Kappler humo anaigiza Kardinali Bernard Law, aliyejiuzulu uaskofu mkuu Desemba 2002. Filamu ile inakuonyesha ofisi. Unaona mafaili, barua za akina mama waliolalamika, simu, mawakili, unaona jinsi padre mwenye malalamiko anavyohamishwa parokia hii kwenda ile kwa sahihi ya mtu mmoja mwenye kalamu nzuri. Kuna Wakatoliki wenzangu wanasema filamu za namna ile ni za kulichafua Kanisa, mi sikubaliani nao hata kidogo, waliochafua ni waliotenda na waliohamisha mafaili, na wale watoto wana haki hadithi yao isimuliwe. Ila inanisikitisha kwamba meza ya askofu inaonekana tu pale dhambi inapofanyika juu yake. Kwa sababu meza ni hiyohiyo. Askofu aliyeisoma barua ya mama mmoja, akamwita padre, akamsimamisha siku hiyohiyo na akaenda mwenyewe kumwona mtoto, naye alikuwa mezani, ila huyo hana filamu. Mtazamaji anabaki na watu wawili kichwani, mtakatifu asiye na ofisi na mwovu mwenye ofisi, halafu tunataka waumini wajue kumuuliza askofu wao maswali ya maana wakati hawajui hata kazi yake ni ipi.

Za kubuni kama The Thorn Birds za padre na mpenzi wake sitaki kuzikalia. Na zile tamthilia za Kimexico tulizokua nazo, padre kazi yake ni kusikia kwenye kitubio kwamba mtoto alibadilishwa hospitali, na filamu zetu za Bongo padre anatokea kwenye ndoa, mazishi na kufukuza pepo. Tuziache.

Nilichotaka kufika nacho ni huku kwetu. Kuna filamu mbili za televisheni za Italia za Papa Yohane XXIII, moja ya Ed Asner na nyingine ya mwaka 2003 ya Bob Hoskins, ni filamu tamu, mzee aliyechaguliwa 1958 akiwa na miaka 76 watu wakidhani atashika kiti tu kwa muda, akaitisha Mtaguso wa Vatikani wa Pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Sawa. Tarehe 28 Machi 1960 huyo Papa alimfanya Laurean Rugambwa kardinali, siku moja na Peter Doi wa Tokyo na Rufino Santos wa Manila, na Rugambwa akawa kardinali mweusi wa kwanza wa Afrika katika nyakati hizi. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru! Mtoto wa Kagera, aliyezaliwa 1912, amekuwa kardinali kwenye nchi ambayo bado inatawaliwa na gavana wa Kiingereza, 1963 anaingia kwenye konklave, kikao cha makardinali cha kuchagua papa, iliyomchagua Paulo VI, 1978 anaingia mbili mwaka mmoja, na katikati anahamishiwa Dar es Salaam kuongoza jimbo kwenye nchi ya Azimio la Arusha. Meza yake ilikuwa na nini siku shule za misheni zilipotaifishwa? Nani alimwandikia, aliwajibu nini mapadre waliokasirika? Alikufa Desemba 8, 1997, akapumzishwa kwanza Kashozi, na 2012 mwili wake ukahamishiwa kanisa kuu Bukoba. Mi sijaona filamu yake hata moja ya kukaa nayo sebuleni.

Kenya wana Kardinali Maurice Otunga, mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, aliyekataa uchifu, na alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi akaenda kukaa Nyumba ya Wazee ya masista, na kesi yake ya kutangazwa mtakatifu ilishafunguliwa. Askofu kardinali anayekula meza moja na wazee wasio na ndugu, mngetaka nini zaidi ya hapo?

Na Bukavu, Kongo, kulikuwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti. Wanaosema maisha ya ofisini hayana picha nawaomba wamtazame huyu. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994 mji wake ulijaa wakimbizi, na yeye silaha yake ilikuwa kalamu, akaandika, akaandika, akiomba dunia iangalie kinachokuja, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa pale Nyawera katikati ya mji, mwili ukalala barabarani. Watengenezaji wa filamu za kawaida wangeanza na Nyawera. Mi ningeanza na zile barua, nani alizichapa, zilipelekwa wapi, nani alizipokea akaziweka kwenye droo, halafu ndo unifikishe Nyawera nikiwa najua kilichopotea ni nini.

Najua filamu ni hela. Ile Karol ilifadhiliwa na televisheni kubwa za Ulaya, huku stesheni za Kanisa zinahangaika hata na umeme wa kurusha misa. Lakini hata kabla ya filamu kuna kitu kinaweza kufanyika sasa hivi na simu tu ya mkononi. Madereva wa maaskofu wale wa zamani, makatibu, masista waliopika uaskofuni, makatekista waliowabebea begi la mavazi kwenda vigangoni, wengi wao wamezeeka sana na hakuna mtu amewauliza kitu. Vijana wa TYCS, wale wanafunzi Wakatoliki wa Tanzania, na wa vyuo vya habari nendeni mkawarekodi, muulizeni dereva mzee njiani Baba Askofu alikuwa anaongea nini akirudi kutoka kwenye kikao kilichomshinda, na muulizeni sista alikuwa anakula saa ngapi. Mkinitafuta kupitia mhariri nitawaelekeza kwa wawili watatu ninaowafahamu, ila msikawie, mmoja wao masika haya hakuweza tena kuja kanisani.