Sindano Kwanza, Lawama Baadaye

Swali: Shikamoo mzee. Nimenunua santuri ya nyimbo za Kenya za miaka ya 1970, iliyochapishwa upya Ulaya, nzito, gramu 180. Wimbo wa kwanza mtamu, lakini ukifika wa mwisho kila "s" inachachatika kama samaki akitiwa kwenye mafuta. Isitoshe, waimbaji wote wana sauti nzito na nyimbo zinajikokota. Mashine nililetewa na kaka yangu kutoka Marekani. Nimeuziwa santuri mbovu?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiirudishe dukani kwanza. Una matatizo mawili tofauti, na yote mawili nayashuku kwenye mashine.

Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Kama mota yako ni ile ya zamani inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani, sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huku kwetu itazunguka kama mara 28. Ndiyo maana waimbaji wamezeeka. Transfoma ya kushusha volti huiokoa mota isiungue, lakini mapigo haiyagusi. Bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani uhesabu mizunguko ya dakika nzima. Ukipata 28, mwombe fundi akutafutie puli (kigurudumu cha mota kinachozungusha sahani) ya umeme wa mapigo 50 inayoingia kwenye mashine hiyo.

Sasa ule wimbo wa mwisho, na hapa nakuomba uwe na subira. Mwanzoni mwa LP, yaani santuri kubwa kama hiyo yako, kila sekunde sindano hupitiwa na karibu sentimita 50 za mfuo, ule mstari uliochongwa wenye muziki. Karibu na lebo hupitiwa na kama 21 tu. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, kwa hiyo sindano iliyokaa upande huumbuka hapo. Pima kwanza uzito ambao sindano inaikandamizia santuri. Kila katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, ina kipimo chake: Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, AT-VM95E ya Audio-Technica inataka 2. Wengi hupunguza uzito huo wakidhani wanaihurumia santuri, na jambo hili linaniuma sana, kwa sababu sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuzigonga kuta zake. Hiyo ndiyo inayoua santuri. Tumia kimizani cha kidijitali, lakini kisiwe na kisahani cha chuma: sumaku ya katriji itakivuta na utasoma uongo.

Kisha chapisha karatasi ya kupangia katriji, ile yenye nukta mbili, milimita 66 na 121 kutoka katikati ya sahani. Hakikisha printa haikupunguza vipimo. Pima kwa rula. Legeza skrubu, sogeza katriji mpaka ikae sambamba na mistari kwenye nukta zote mbili, kaza, halafu pima uzito upya kwa sababu utakuwa umebadilika. Kazi hii ifanye asubuhi kwenye mwanga mzuri, usiwe na haraka.

Ikiendelea kuchachatika baada ya hapo, ndipo uilaumu santuri. Hizo gramu 180 ni uzito wa plastiki tu. Kinachojenga sauti ni chanzo na mkono wa aliyechonga mifuo. Kwa nyimbo nyingi za zamani za Afrika Mashariki kanda za studio hazipatikani, hivyo wachapishaji hunakili kutoka santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizokwishapigwa kwenye baa na majumbani, na uchakavu wake unaingia humo. Soma maelezo ya jalada. Mchapishaji mwaminifu husema alitoa wapi. Ukikuta humo neno "dijitali", lisikutishe. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni ya santuri ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa ikitumia hatua ya kidijitali kwenye santuri ambazo wasikilizaji makini walikuwa wakizisifu kwa miaka.

Swali: Nimerithi santuri za bibi za 78, zile za mizunguko 78 kwa dakika. Naweza kuzisafisha kwa spiriti na kuzipiga kwa sindano ya LP?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Hapana, yote mawili. Nyingi za hizo zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha shelaki. Tumia maji kidogo yenye tone la sabuni ya vyombo, usiloweshe lebo, na ukaushe mara moja. Mfuo wa 78 ni mpana sana. Sindano ya LP huzama hadi chini na kusoma vumbi. Kwa katriji nyingi unaweza kununua sindano ya 78 peke yake, ukaichomeka ukitaka kupiga za bibi.