Vigari vya Matchbox vya marehemu baba: usipake rangi, kwanza soma tumboni

Mkuu mleta uzi, pole sana kwa msiba. Umesema umefungua sanduku la mzee ukakuta vigari vidogo vya chuma, vingine vimechubuka, na unauliza kama vina thamani, kama uvipake rangi kabla ya kuviuza, na kama mwanao anaweza kuendelea kuvichezea.

Nianze na rangi, maana hilo ndilo la haraka. Usipake. Nimekusanya vigari hivi miaka mingi, vingi nimevitoa kwenye vitu vya mtumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, na sijaona kinachoua thamani upesi kama rangi mpya juu ya rangi ya kiwandani. Kilichochubuka kwa kuchezewa kina mnunuzi wake. Kilichopakwa upya, mkusanyaji anakishika, anakirudisha mezani, anaondoka.

Sasa kigeuze tumbo juu. Ukisoma MADE IN ENGLAND BY LESNEY, una Matchbox ya Uingereza ya zama za Lesney, kampuni iliyofilisika mwaka 1982. Ilianzishwa London mwaka 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu ila waliunganisha majina yao. Mtu wa kumvulia kofia hapo ni fundi wao, Jack Odell. Shuleni kwa binti yake watoto waliruhusiwa kuja na kitu cha kuchezea kinachoenea kwenye boksi la kiberiti tu, basi baba akamtengenezea rola dogo la shaba la kushindilia barabara. Watoto wenzake wote wakalitaka. Mwaka 1953 Lesney wakatoa gari la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, kwa udogo wa kuenea kiganjani, likauzwa zaidi ya milioni moja, na mwaka huohuo Matchbox, yaani boksi la kiberiti, ikaingia sokoni. Mfululizo wao mkuu ulifika namba 75, kwa hiyo ile namba ndogo unayoiona chini ni nafasi ya gari kwenye mfululizo, wala si mwaka.

Kutawazwa huko huko ndiko kulikozaa mashindano ya Coronation Safari mwaka 1953, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye tuliyajua kama Safari Rally. Ndiyo maana kigari ninachokipenda kuliko vyote si Matchbox, ni cha Corgi, chapa nyingine ya Uingereza, namba 256 ya mwaka 1965: Volkswagen Beetle ya Safari ya Afrika Mashariki, nyekundu ya kuelekea chungwa, tairi la akiba juu ya paa, na ndani ya boksi lake kifaru. Volkswagen zilishinda kweli mashindano yale, zikiwemo za mwaka 1954 na 1962. Kama mzee alikuwa mpenzi wa rali, pekua vizuri hilo sanduku. Na kama kuna boksi la karatasi hata limechanika pembe, usilitupe. Boksi la asili linapandisha bei sana.

Baada ya tumbo, angalia magurudumu. Mwaka 1968 Mattel wa Marekani walileta Hot Wheels, vyenye ekseli nyembamba na magurudumu mepesi yanayokimbia mbali ukikisukuma. Lesney walitikisika hasa, na mwaka 1969 wakajibu kwa Superfast, Matchbox zenye magurudumu mepesi ya aina hiyo. Matchbox yenye ekseli nene na magurudumu yanayozunguka kwa uzito ni ya mtindo wa kabla ya hapo, na hiyo ndiyo wengi wanaitafuta. Ikiandikwa Macau ni ya baada ya Lesney kuanguka. Leo Matchbox yenyewe ni mali ya Mattel, tangu 1997. Kwa Hot Wheels watu wengi wanadanganyika hapa: mwaka ulioandikwa chini ni wa haki ya ubunifu, si wa kutengenezwa. Kigari kilichoandikwa 1977 kinaweza kuwa kimetoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Halafu ribiti, zile zinazoshika tumbo na bodi. Ya kiwandani ina kichwa kilichopondwa, laini, kimetulia. Ukiona imetobolewa kwa drili, au kuna skrubu, au rangi imefunika kichwa chake, kigari kimeshafunguliwa. Shika kwenye mwanga wa dirisha uangalie polepole.

Tunasema ni vya chuma, lakini ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, ikayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu kwenye kalibu. Mchanganyiko huo ukiingiliwa na madini ya risasi hata kidogo, baada ya miaka chuma kinavimba, kinapasuka nyufa nyembamba kama nywele, mwisho kinamomonyoka. Vigari vingi vya Dinky, chapa nyingine ya Uingereza, vya kabla ya Vita Kuu ya Pili, vile vya Liverpool, vimekufa hivyo. Dawa hakuna, ila hakiambukizi cha jirani. Joto na unyevu vinaharakisha, na sisi wa Pwani tunavyo vyote viwili. Vitoe kwenye sanduku, vifute kwa kitambaa kikavu, viweke pakavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Mtoto asiendelee navyo, hasa kama bado anatia vitu mdomoni. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi. Mnunulie Majorette au Hot Wheels mpya, hazina bei ya kutisha.

Bei ya vyako siwezi kukutajia bila kuviona. Piga picha za tumbo, magurudumu na ribiti za kila kimoja, uweke hapa kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.