Jibu: Kuchangisha kwa shukrani baada ya ndugu kupandikizwa figo

Umeuliza muanzie wapi ili mchangie kitengo kilichompandikiza kaka yenu figo. Anzeni na hospitali, kabla ya bango wala tangazo. Ombeni barua inayotaja matumizi ya fedha (mfano nauli za wagonjwa wa kusafishwa damu) na akaunti ya kupokelea. Bila barua hiyo, mchango unaweza kuingia mfuko mkuu wa hospitali na msijue ulikoishia.

Dawa za kuzuia mwili usikatae figo ni za maisha. Kama nanyi mnahitaji msaada wa kuzinunua, fungueni mchango wa pili wenye jina tofauti. Ukichanganya, watu watahisi wamedanganywa, na wana haki.

Kama figo ilitoka kwa marehemu, msitangaze tarehe ya upasuaji pamoja na hospitali: familia yake inaweza kutambulika. Barua ya shukrani ipitie kwa mratibu wa upandikizaji. Msiipe familia hiyo fedha, hata kwa nia njema. Karibu kila nchi inakataza malipo ya viungo.

Miezi ya mwanzo kinga ya kaka yenu iko chini sana. Matembezi ya hisani yasubiri, au ahudhurie kwa simu.